Ukingo wa Barabara na Mguu wa Nyuma: Niliyojifunza Nikitengeneza Subaru Impreza WRX

Wenye magari ya mwendo kasi hapa Dar es Salaam huogopa sana mashimo, na wana haki ya kuyaogopa, lakini shimo hulipiga gurudumu kutoka chini, na huko chini kuna springi na shokapu zilizowekwa makusudi kupokea pigo la namna hiyo. Ukingo wa zege wa barabara hulipiga gurudumu kutoka ubavuni, mahali ambapo hakuna springi hata moja. Nguvu yote hupita kwenye tairi, ikaingia kwenye rimu, ikaifikia beringi, ikashuka kwenye mikono ya chuma inayoshikilia gurudumu, na hatimaye ikafika kwenye bodi. Chochote kilicho dhaifu katika njia hiyo ndicho kitakachopinda. Ubaya wake ni kwamba kinachopinda mara nyingi hakionekani, na kinachoonekana, yaani mkwaruzo wa rimu, ndicho chenye thamani ndogo kuliko vyote.

Gari langu ni Subaru Impreza WRX ya sedani, yenye msimbo wa chasisi GDA, toleo lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2000, likiwa na injini ya lita 2 yenye tabo na msukumo unaokwenda magurudumu yote manne. Lilipata ajali katika Barabara ya Sam Nujoma, wakati mvua ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kunyesha. Mwenye kuendesha gari katika jiji hili anajua kwamba dakika za mwanzo za mvua ni mbaya kuliko mvua yenyewe, kwa sababu maji huwa bado hayajaosha vumbi na mafuta yaliyoganda juu ya lami, yanayachanganya tu. Bodaboda ilikata mbele yangu, nikashika breki huku nikigeuza usukani kuikwepa, na sehemu ya nyuma ya gari ikateleza kwenda kushoto hadi gurudumu la nyuma likagota kwenye ukingo. Hakuna aliyeumia, na bodi haikuguswa kabisa. Mtu aliyepita baadaye angedhani nimeegesha tu.

Nilipochuchumaa nyuma ya gari nikaona kwamba gurudumu la kushoto limesimama tofauti na la kulia. Tairi la kulia lilikuwa limelalia ndani kidogo kwa juu, kama kiwanda kilivyokusudia, ilhali la kushoto lilikuwa limelalia nje. Hewa ilikuwa haijatoka, na dereva mmoja wa bajaji akanishauri nilipeleke polepole mpaka gereji. Niliona afadhali kusubiri gari la kubebea, tena lile lenye kitanda bapa, kwa sababu gari linalosukuma magurudumu yote manne halifai kuvutwa huku magurudumu mawili yamening'inia na mawili yanazunguka. Difu ya kati ya gari hili, yaani gia zinazogawa msukumo kati ya mbele na nyuma, kwa lile la gia za mkono, ina kifaa chenye mafuta mazito kinachojaribu kulinganisha mwendo wa ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukiizungusha ekseli moja huku nyingine imesimama, mafuta hayo hupata joto na kifaa huharibika. Gharama ya kubebwa ni ndogo mno ukiilinganisha na ya kifaa hicho.

Fundi aliyelipokea gari ni mzoefu wa magari ya Kijapani, na sina sababu ya kumdharau. Alilipandisha kwa jeki, akalitikisa gurudumu, akamulika tochi chini, kisha akafika mapema mno kwenye uamuzi.

"Bosi, hii ni alaimenti tu," aliniambia, akimaanisha kupanga upya mkao wa magurudumu. "Tunazungusha bolti ya hapa ndani, mashine inasoma sawa, unaondoka zako."

"Na mkono wenyewe, fundi? Naona kama umepinda."

"Umepinda kidogo. Bolti itafidia."

Ili msomaji aelewe kwa nini sikukubali, inafaa nieleze jinsi mguu huo wa nyuma ulivyojengwa. Kila gurudumu la nyuma limeshikwa na vitu vinne. Kuna shokapu iliyosimama, yenye springi yake, ambayo kwa chini imefungwa kwa bolti mbili kwenye kifundo cha gurudumu, yaani kile kipande cha chuma kinachobeba beringi, na kwa juu imefungwa kwa nati tatu kwenye bodi. Kuna mikono miwili ya pembeni, mmoja mbele ya ekseli na mwingine nyuma yake, inayotoka kwenye fremu ndogo ya chini ya gari hadi kwenye kifundo. Hii huzuia gurudumu lisiingie ndani wala lisitoke nje. Kuna na mkono mmoja mrefu unaoelekea mbele, ambao huzuia gurudumu lisirudi nyuma wakati wa kuongeza mwendo au kushika breki. Kwenye mkono wa pembeni wa nyuma, upande wa ndani, imewekwa bolti yenye sahani ya duara ambayo tundu lake halipo katikati. Ukiizungusha, mkono husogea milimita chache ndani au nje, na gurudumu hubadilisha linakotazama. Hiyo ndiyo bolti aliyoitaja fundi, na hiyo ndiyo njia pekee ya marekebisho ambayo kiwanda kimeiweka kwa nyuma.

Bolti hiyo iliwekwa ili kusawazisha tofauti ndogo za utengenezaji na za kuchakaa kwa bushi, yaani mipira iliyo kwenye viungo vya mikono. Haikuwekwa kufidia chuma kilichopinda. Mkono wa bati lililokunjwa hubeba mzigo mkubwa wa kusukumwa ukiwa umenyooka, lakini ukishapata kona hata ndogo, kila mzigo unaofuata huiongeza kona ileile. Tena, mikono miwili ya pembeni imepangwa iwe sambamba ili gurudumu likipanda na kushuka juu ya tuta libaki likitazama mbele. Mmoja ukifupika, gurudumu litaanza kugeuka kila gari linaporuka na kutua, na mashine ya alaimenti, ambayo hupima gari likiwa limetulia, haitaliona hilo kamwe. Utapewa karatasi yenye rangi ya kijani kila mahali, nawe utakuwa unaendesha gari linalojiongoza lenyewe kwa nyuma.

Tulikubaliana, bila ugomvi, kwamba tupime kwanza na kwamba hakuna bolti itakayozungushwa mpaka tuwe tumejua ni nini kilichopinda. Gari tulilipeleka kwenye mashine, tena likiwa limebebwa, na majibu yalikuwa hivi. Gurudumu la nyuma la kulia lilikuwa limelalia ndani digrii 1 na dakika 20, jambo la kawaida kwa gari hili. La kushoto lilikuwa limelalia nje dakika 20. Hiyo ndiyo mafundi huita kemba. Kwa upande wa mwelekeo, ambao huitwa tou, la kulia lilitazama ndani kwa dakika 5, na la kushoto lilitazama nje kwa digrii 1 na dakika 10. Kwa asiyezoea vipimo hivi, digrii moja ina dakika 60, na digrii moja inaonekana kitu kidogo. Lakini tairi linalotazama kando kwa digrii moja huburuzwa kando takriban mita 17 katika kila kilomita moja linayokwenda mbele. Tairi jipya haliwezi kustahimili mateso hayo kwa muda mrefu.

Vipimo vile vilieleza pia jambo ambalo nisingelitambua kwa macho. Magurudumu yote mawili ya nyuma yalikuwa yakitazama kushoto, moja kwa kosa kubwa na jingine kwa kiasi chake cha kawaida, na ukichukua wastani wake unapata mstari wa msukumo, yaani upande ambao magurudumu ya nyuma yanalisukuma gari, uliokengeuka zaidi ya nusu digrii. Gari la namna hiyo hutembea upande kama kaa: sehemu ya nyuma inataka kwenda kushoto, pua inageuka kulia, na dereva analazimika kushikilia usukani ukiwa umeinama kushoto ili aende moja kwa moja. Watu wengi wenye shida hii hurekebishiwa magurudumu ya mbele ili usukani unyooke, na wakiona umenyooka wanadhani wamepona.

Namba hizo pia zilitudokeza kilichopinda. Ukingo hulipiga tairi chini ya kitovu cha gurudumu na kulisukuma ndani. Mikono ya pembeni ikikunjika, sehemu ya chini ya gurudumu huingia ndani, na kwa hiyo sehemu ya juu huonekana imetoka nje. Kwa kuwa gurudumu lilitazama nje, mkono wa nyuma ndio uliofupika zaidi kuliko wa mbele. Kwa kukadiria, urefu wa kutoka mikono hiyo hadi juu ya shokapu ni kama sentimita 60 hivi, na kwa urefu huo kila milimita 10 za kuingia ndani ni karibu digrii moja ya kulala. Tulikuwa tunatafuta upotofu wa digrii 1 na dakika 40, yaani takriban milimita 17. Niliiandika hesabu hiyo kwenye daftari, na baadaye ilinisaidia kuliko nilivyotarajia.

Kabla ya kununua chochote, tulitaka kujua kama bodi na fremu ndogo zimesogea, kwa sababu kama zimesogea, vipuri vipya havingesaidia kitu. Hapa hatukuhitaji mashine. Tulitumia utepe wa kupimia, timazi, na chaki sakafuni. Umbali kati ya kitovu cha gurudumu la mbele na la nyuma kwa gari hili ni milimita 2,525. Tuliupima pande zote mbili, na pande zote mbili zililingana, ikimaanisha kwamba ule mkono mrefu unaoelekea mbele na mahali ulipofungwa kwenye bodi havikuathirika. Kisha tukaangusha timazi kutoka kwenye matundu ya fremu ndogo na matundu ya bodi, tukatia alama za chaki, na kupima mishazari. Ililingana. Katika kazi yote hiyo upande wa kulia ulikuwa ndio kitabu chetu cha kiwanda, maana gari lina pande mbili zilizo sawa, na ule uliosalimika humpa fundi karibu vipimo vyote anavyovihitaji, bila kulipia chochote.

Vipuri nilivitafuta Gerezani na Kariakoo, na hapo nilijifunza kutilia mkazo msimbo wa chasisi kuliko jina la gari. Ukimwambia muuzaji "Impreza ya tabo" atakuletea mkono wa Impreza ya tabo, na huenda ukawa wa steshenwagoni. Steshenwagoni ya toleo hilo ilitengenezwa ikiwa na upana wa milimita 1,695 ili ibaki chini ya milimita 1,700 ambazo Japani huzitumia kutenganisha daraja dogo la magari na kubwa, wakati sedani ya tabo ilipanuliwa hadi milimita 1,730. Mkono wake unafanana kwa sura na wa sedani, matundu yanafanana, lakini urefu haufanani. Ukiufunga utakaa vizuri tu, na utakuwa umenunua upotofu mpya wa kuwekea mahali pa ule wa zamani. Kwa hiyo nilikwenda na mkono wa pembeni wa nyuma wa kulia, ulio mzima, ambao tuliutoa kwa ajili hiyo kwa kufungua nati tu, bila kuichomoa bolti ya kwenye kifundo, na kila nilichoonyeshwa nilikilaza juu yake na kupitisha bolti kwenye matundu yote mawili kwa pamoja. Kama bolti haikupita bila kulazimishwa, nilikirudisha.

Jambo jingine kuhusu vipuri vya mtumba ni kujiuliza gari lililotoa kipuri hicho lilikatwa kwa sababu gani. Gari lililogongwa mbele lina miguu mizuri ya nyuma. Lililogongwa nyuma au ubavuni halina. Tena, magari yaliyotoka kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, huwa na kutu ya ndani ambayo rangi nyeusi ya kupulizia huificha vizuri sana. Nilibeba sumaku na bisibisi, na bisibisi ndiyo iliyofanya kazi kubwa zaidi. Wauzaji wengine hawakufurahi kuona naikwangua rangi yao.

Sasa niingie kwenye bolti ndefu, kwa sababu kazi nyingine zote kwa jumla hazikutuchosha kama ilivyotuchosha hii moja. Mikono yote miwili ya pembeni hufungwa kwenye kifundo cha gurudumu kwa bolti moja tu, ndefu, inayopita katika mkono wa mbele, ikapenya kifundo chote kwa ndani, ikatokea kwenye mkono wa nyuma. Ndani ya kifundo bolti hupita katika bomba dogo la chuma lililoko katikati ya bushi ya mpira. Maji huingia humo, na kwa miaka mingi bolti na bomba hushikana kwa kutu mpaka vinakuwa kitu kimoja. Nati ilifunguka kwa urahisi uliotutia moyo. Kisha fundi akashika kichwa cha bolti kwa soketi, akaizungusha, ikazunguka, na sote tukafurahi kwa muda mfupi sana. Kilichokuwa kinazunguka ni bolti pamoja na bomba lake, ndani ya mpira. Haikutoka hata milimita moja.

Tuliimwagia mafuta ya kupenya, tukaiacha usiku kucha, tukarudia. Nyundo ilifanikiwa kupanua ncha ya bolti tu, ndipo fundi akaamua kurudisha nati kwenye ncha kabla ya kugonga tena, jambo ambalo ningemshauri yeyote alifanye tangu pigo la kwanza. Tukafikia gesi. Kuhusu gesi nina maoni makali: moto ule huwa karibu na tangi la mafuta, karibu na mpira wa breki, karibu na waya wa sensa ya breki za eibiesi (ABS, zinazozuia magurudumu yasigande), na bushi za mpira zikiwaka hutoa moshi mzito unaochoma macho na koo. Niliomba mpira wa breki ufunguliwe na kusogezwa, sensa itolewe, na mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu badala ya kuwa ukutani. Kijana wa gereji alicheka, lakini aliushika. Baada ya joto kali na kupoa, na joto tena, bolti bado ilikuwa palepale.

Mwishowe ilikatwa. Kati ya mkono na kifundo kuna nafasi nyembamba ambapo msumeno wa umeme wenye wembe mrefu unaweza kuingia, nasi tukaikata bolti mbele na nyuma ya kifundo, tukaitoa mikono, tukafungua shokapu, ule mkono mrefu na shafti, kisha tukakibeba kifundo chote hadi kwenye presi ya haidroliki. Kipande kilichobaki ndani kilitoka kwa mlio uliowafanya watu wa karakana ya jirani waje kuangalia. Kama ningeanza upya, ningekata mapema, maana bolti hiyo haikukusudiwa kutumika tena kwa vyovyote, na kila saa tuliyoitumia kuibembeleza ilikuwa ni kuokoa kitu ambacho tungekitupa. Ila lazima bolti mpya, nati mpya na bushi mpya za kifundo ziwe mkononi kabla ya wembe kugusa chuma. Bolti mpya ilikaribia bei ya mkono mzima wa mtumba, na niliilipia bila kusita.

Kwa kuwa kifundo kilikuwa tayari mezani, beringi nayo ilibadilishwa. Katika toleo hili beringi ya nyuma hushindiliwa ndani ya kifundo kwa presi, na pigo la ubavuni huacha alama ndogo sana kwenye njia za gololi zake. Alama hizo hazisikiki siku ileile. Uvumo hutokea baadaye, gari likiwa katika mwendo wa barabara kuu, wakati mwenye gari ameshasahau ajali na anadhani ni kelele za tairi. Kuna kanuni moja katika kazi hiyo ambayo niliisimamia kwa macho yangu: unaposhindilia beringi ndani ya kifundo unasukuma pete ya nje, na unapoingiza habu, yaani kitovu kinachofungiwa gurudumu, ndani ya beringi unaishikilia pete ya ndani. Ukisukuma pete isiyo sahihi, nguvu yote ya presi hupita kwenye gololi, na beringi mpya hufa kabla ya kuonja barabara. Mafundi wengi wanaijua kanuni hii, lakini wachache wana vipande vya bomba vya ukubwa unaofaa, na asiye navyo hutumia alichonacho.

Wakati wa kufunga, bolti ndefu ilipakwa grisi nzito kwenye mwili wake wote unaopita ndani ya bushi, na nyuzi zikaachwa kavu ili spana ya kupimia mkazo isidanganywe. Kisha ikaja hatua ambayo nimeona ikirukwa katika gereji nyingi. Mpira wa bushi za mikono hii umegandishwa kwenye bomba lake la ndani. Ukikaza bolti wakati gari limepandishwa na gurudumu linaning'inia, bomba hufungwa katika mkao huo, na gari likishushwa mpira hubaki umejisokota muda wote, hata likiwa limeegeshwa. Bushi za namna hiyo huchanika mapema, na mwenye gari hulaumu ubora wa vipuri. Tulifunga bolti zote kwa mkono tu, tukarudisha gurudumu, tukalishusha gari, tukalisukuma juu ya shimo la gereji, tukalitikisatikisa ili likae kwenye kimo chake, na fundi akaingia shimoni kukaza kila bolti huku uzito wote ukiwa juu ya magurudumu. Gereji isiyo na shimo inaweza kuweka jeki chini ya kifundo na kuinua mpaka gurudumu lifike kimo chake cha kawaida. Si kamili, lakini inatosha.

Gari lilirudi kwenye mashine nasi tukitarajia sherehe. Mwelekeo wa gurudumu ulirudi mahali ambapo bolti ya marekebisho ingeweza kuumaliza kwa robo ya mzunguko. Lakini mlalo ulikuwa haujarudi wote: tairi la kushoto lililalia ndani kwa dakika 45 tu, dhidi ya digrii 1 na dakika 20 ya upande wa kulia. Fundi akasema kwamba kuna bolti za kununua, zenye tumbo upande mmoja, ambazo huwekwa chini ya shokapu ili kurekebisha mlalo, na kwamba dakika 35 ni kitu zinachokimudu bila shida. Alisema kweli, bolti hizo zipo na zinafanya kazi hiyo. Lakini swali langu lilikuwa lilelile la mwanzo, yaani dakika 35 hizo zimetoka wapi. Daftari langu lilionyesha kwamba mikono iliyopinda, tulipoilinganisha na mipya, ilikuwa imefupika pungufu ya zile milimita 17 nilizozikadiria. Kilichobaki kilikuwa mahali pengine.

Kuna jaribio rahisi la shokapu ambalo halihitaji kuitoa. Unalegeza nati ya katikati kwa juu kiasi, gari likiwa juu ya jeki, unakishika kijiti cha shokapu kwa spana na kukizungusha polepole mzunguko mzima huku mtu mwingine akitazama ukingo wa juu wa gurudumu. Kijiti kilichonyooka kikizunguka, gurudumu hutulia tuli. Kilichopinda hulisukuma gurudumu ndani na kulivuta nje kadiri kinavyozunguka. La kwetu lilisogea. Haikuwa kwa kiasi kikubwa, lakini lilisogea, na fundi ndiye aliyekuwa ameshika spana, kwa hiyo hapakuwa na haja ya mabishano. Shokapu ilipotolewa na kijiti kuviringishwa juu ya kioo, mwanga ulionekana ukipita chini yake katikati. Shokapu iliyopinda namna hiyo hukwangua sili yake kila inapopanda na kushuka, na ingevuja mafuta muda si mrefu, huku bolti ya kufidia ikiwa imetuhakikishia kwamba kila kitu ni kizuri. Nilinunua mbili, ya kushoto na ya kulia, kwa kuwa shokapu mpya na kuukuu kwenye ekseli moja hazizuii mtikisiko kwa kiwango kimoja.

Rimu haikunipa shida kubwa. Ilikuwa imepinda kwenye mdomo wa ndani, haikuwa na ufa, na mtu anayenyoosha rimu za aloi aliirudisha mpaka mashine ya kubalansi ikatulia. Ingekuwa na ufa nisingeichomelea. Tairi ndilo lililonigharimu nisivyotarajia. Ubavu wake wa ndani, ambao hauonekani mpaka gari lipandishwe, ulikuwa na uvimbe, ishara kwamba nyuzi za ndani zimekatika, na tairi la namna hiyo halitengenezeki. Kwenye gari la kawaida ungenunua tairi moja au mawili. Kwenye hili, mwongozo unaofahamika ni kwamba mizingo ya matairi yote manne isitofautiane zaidi ya robo inchi, yaani kama milimita 6. Sasa, kashata ya tairi ikiisha kwa milimita 1, mzingo wake hupungua kwa zaidi kidogo ya milimita 6. Matairi yangu matatu yaliyosalia yalikuwa yameshatumika kiasi cha kutosha kuvuka mpaka huo, kwa hiyo tairi moja jipya lingeifanya difu ya kati ifanye kazi bila kupumzika katika kila safari. Nilinunua manne, na yale matatu nikamuuzia mtu mwenye gari linalosukuma magurudumu mawili.

Kipimo cha mwisho kilifanywa gari likiwa na nusu tangi la mafuta na buti tupu. Mlalo wa kushoto ulisoma digrii 1 na dakika 15 kuelekea ndani, tofauti ya dakika 5 na mwenzake, bila bolti yoyote ya kufidia. Mwelekeo uliwekwa kwa ile bolti ya kiwanda, sahani yake ikiwa karibu na katikati, na mstari wa msukumo ukawa umenyooka. Magurudumu ya mbele yaliguswa mwisho kabisa, kama inavyopasa, kwa sababu mbele husawazishwa kwa kufuata nyuma. Nililijaribu kwenye Barabara ya Bagamoyo mapema asubuhi, kabla ya foleni, kwanza kavu na siku nyingine ikiwa na maji, na nilipoachia usukani kidogo kwenye lami iliyo tambarare halikuwa na upande linaoutaka.

Miezi kadhaa baadaye nililirudisha kwenye mashine, na vipimo vilikuwa ndani ya dakika chache za vile vya awali. Fundi aliomba nimwachie ile karatasi ya kwanza, aibandike ukutani juu ya meza yake. Tulitumia nafasi hiyo kujaribu kuifungua bolti ndefu ya upande wa kulia ili nayo ipakwe grisi kabla haijashikana. Ilizunguka pamoja na bomba lake, kama mwenzake. Tumeiacha hapo hapo mpaka bushi za kulia zitakapochoka, na bolti mpya ya upande huo nimeshainunua, imo kwenye buti ndani ya soksi kuukuu.